Kazi ya masaji Mombasa: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nimekanda watu kwa miaka kumi na mitano. Tisa nilikuwa ndani ya hoteli za pwani ya kaskazini, na sita hizi za karibuni natembea na kitanda changu cha kukunja. Wasichana waliomaliza kozi hunipigia simu, siku hizi na wavulana pia, na maswali yao ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, ili anayepiga simu tuanzie mbele kidogo.

Kazi ipo kweli, au tunapoteza karo?

Ipo, ila haiko pale ambapo wote mnapanga foleni. Kila anayemaliza kozi anachapisha CV kumi na kuanza kubisha milango ya hoteli: Nyali, Bamburi, Shanzu, kisha Mtwapa, na mwenye moyo anavuka feri kwenda kujaribu Diani. Hoteli yangu ya mwisho ilikuwa na vyumba vinne vya masaji na sisi wakandaji tulikuwa watano. Katika miaka minne aliondoka mmoja tu, naye aliolewa Lamu. Nafasi za hoteli ni chache na aliyekaa hapo hashuki ovyo.

Huku nje ya hoteli kuna saluni zilizoongeza chumba cha masaji nyuma, jimu ambazo wanachama wake huumia mabega kila Jumatatu, na nyumba za kukodisha za Nyali ambako familia kutoka Nairobi hukaa wikendi na kumtaka mkandaji aje mlangoni. Kuna mabanda ya makuti ufukweni. Na kuna wazazi waliojifungua juzi pamoja na mabibi harusi. Hawa wa mwisho ndio wanaonilipia kodi ya nyumba, na hakuna mwalimu wa kozi aliyewahi kunitajia.

Msimu unabana kiasi gani?

Unabana hasa. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari imetulia na wageni wa Ulaya wanakimbia baridi ya kwao; hapo utakanda mpaka ujiulize kama vidole ni vyako. Julai na Agosti wanarudi kidogo kwa likizo za kwao. Aprili hadi Juni ni masika, kusi imeanza, mwani umejaa ufukweni, na utakaa kwenye kiti cha mapokezi ukikunja taulo zilizokwisha kukunjwa.

Tangu treni ya SGR ianze mwaka wa 2017, wageni wa Nairobi wameziba pengo hilo kwa kiasi: wanakuja Pasaka, wanakuja wikendi ndefu, wanakuja na semina za ofisi. Lakini mgeni wa semina ana saa moja tu kati ya kikao na chakula cha jioni, na wote wanaitaka saa ile ile.

Wazazi na maharusi wana kalenda yao. Watoto huzaliwa masika na kiangazi. Harusi hujaa Shaaban, watu wakiiwahi Ramadhani, kisha zinafumuka tena baada ya Idi. Mwaka wa 2020 hoteli zilipofunga, sisi wa spa tulikuwa wa kwanza kupewa likizo isiyo na malipo na wa mwisho kuitwa, kwa sababu kazi yetu ni kugusa. Mwezi huo huo wa barua za likizo, jirani alijifungua pacha. Nilikwenda kwake siku ishirini mfululizo, barakoa usoni.

Wanalipa vipi?

Njia ni tatu: mshahara mtupu, kamisheni tupu, au mshahara mdogo pamoja na kamisheni. Wengi wanakimbilia kamisheni tupu kwa sababu hesabu yake ya Januari inapendeza. Hebu tupige hesabu ya mfano, bei nimeziweka mimi ili zigawanyike vizuri.

Masaji ya saa moja ni shilingi 3,000 nawe unapata asilimia 30, yaani 900. Wageni wanne kwa siku, siku 26, ni shilingi 93,600. Umeshaona pikipiki mpya. Sasa njoo Mei: wageni 15 mwezi mzima, shilingi 13,500. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida mjini Mombasa, kwa tangazo lililoanza Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75. Umekanda kwa ujuzi na umepata chini ya anayefagia bustani.

Mwenzako mwenye mshahara wa 22,000 na kamisheni ya asilimia 10 atapata 53,200 mwezi ule wa wageni 104, na Mei atapata 26,500. Mwenye watoto shuleni achukue hii ya pili, asidanganywe na Januari.

Na kabla hujatia sahihi uliza: asilimia ya bei gani? Kama bei ya 3,000 ina VAT ya asilimia 16 ndani yake, mwajiri anaweza kuitoa kwanza. Inabaki kama 2,586, na asilimia 30 yake ni 776, si 900. Hizo ni shilingi 124 kwa kila mgeni. Mimi niligundua mwezi wa nne, tena kwa bahati, nikisaidia dada wa mapokezi kupanga risiti.

Bakshishi ni yako, lakini uliza kama inagawanywa. Sehemu nyingine kuna kisanduku kimoja na mapokezi pia wanakula humo. Sioni ubaya wa hilo, mradi anayegawa si yule yule anayehesabu.

Makato kwenye payslip ni ya nini?

SHA, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho upande wake. NSSF, akiba ya uzeeni, nayo mnachangia wote wawili. PAYE, yaani kodi ya mapato, inaanza kuuma mshahara ukipita kiwango kilichowekwa. Ingia mwenyewe kwenye akaunti zako kila baada ya miezi michache uangalie kama pesa zimefika, maana kukatwa ni kitu kimoja na kufikishwa ni kingine.

Cheti gani kinahesabika?

Somo la masaji kwa kawaida limo ndani ya kozi ya urembo. Wengine walifanya mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa; kuna mtaala wa ngazi wa TVET CDACC, baraza la mitihani ya vyuo vya ufundi; na kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unaopanda kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Hoteli kubwa hupenda kuona pia cheti cha kimataifa kama cha CIDESCO au ITEC, lakini hivyo ni ghali, na ningekuwa wewe ningefanya kazi mwaka mmoja kwanza ndipo nikitafute. Kabla hujalipa karo popote, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Mombasa hii kuna "vyuo" ambavyo ni chumba kimoja juu ya duka la simu, mwalimu mmoja, kitanda kimoja, wanafunzi kumi na wanane.

Usijiite mtaalamu wa fiziotherapia. Hiyo ni taaluma yenye sheria yake ya mwaka wa 2014 na baraza lake, na kutumia jina hilo bila usajili ni kosa. Kwenye kadi yako andika "mkandaji" au "masaji". Wateja watakuja tu.

Nilifundishwa na bibi yangu. Sina karatasi yoyote. Nitafika wapi?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndiko nilikotoka.

Kwa upande wa karatasi, serikali ina utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa, na unaweza pia kuuliza NITA kuhusu mtihani wa ufundi ukiwa na uzoefu tu. Utapimwa kwa vitendo. Utakapofeli, kama utafeli, ni kwenye maswali ya usafi na majina ya misuli, basi hayo uyasome.

Kwa upande wa kazi, wewe tayari unayo. Bibi yangu alikuwa mkandaji wa wazazi kule Mji wa Kale. Alikuwa akimimina mafuta ya uto kwenye kibakuli cha bati, anakiweka ndani ya sufuria ya maji moto, halafu anajaribu joto kwa upande wa ndani wa kiwiko chake kama anayempimia mtoto maji ya kuoga. Anaanza miguuni. Mgongo anaukanda mzazi akiwa amelala ubavu, mto umebanwa kati ya magoti. Mwisho anafunga mkaja kiunoni, anauvuta hadi mzazi anacheka kwa maumivu, kisha anaulegeza kidole kimoja. "Kidole kimoja cha pumzi," akisema. Hiyo kanuni ya kidole sijaikuta kwenye mtaala wowote, nami naitumia hadi leo kupima kila kitu ninachofunga.

Kwa maharusi ni singo, mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili: liwa, mawaridi, asmini, karafuu, kila nyumba na vipimo vyake. Bi harusi husingwa siku kadhaa mfululizo, na mkandaji anayeaminika huwekwa miezi kabla. Hulipwa pesa na hupewa leso juu yake. Wageni wa hoteli nao wameanza kuiulizia singo, na spa zinaiuza kwa bei ambayo bibi angedhani ni ya mbuzi.

Lakini kuna mambo ambayo bibi hakuyajua nami nikayajua darasani. Mzazi aliyefanyiwa upasuaji haguswi tumbo, na mkaja wake ni daktari wa kuuruhusu. Homa, maji ya ukeni yenye harufu mbaya, kichwa kinachouma vibaya, au mguu mmoja uliovimba: weka mafuta chini, mpeleke hospitali. Usiseme "tumkande kwanza apate nafuu".

Kwenye usaili wanafanya nini?

Watakuambia umkande mkuu wa spa, dakika thelathini au saa nzima. Wengi mnadhani anapima nguvu. Anapima shuka.

Anaangalia unavyomfunika: ukifunua mguu mmoja, mwingine umefunikwa? Akigeuka, unainua taulo na kuangalia pembeni, au unasimama tu unamtazama? Anasikiliza pumzi yako. Anaangalia kama mkono wako mmoja unabaki mwilini unapofuata chupa ya mafuta kwa ule mwingine. Kwenye usaili wangu wa kwanza chumba kilikuwa na AC kali, nikamwekea mama wa watu mikono ya baridi katikati ya mgongo. Aliruka. Alinipa kazi miezi minane baadaye, na siku ya kwanza akanikabidhi chupa ya maji moto bila kusema neno.

Nenda na kucha fupi, bila pete, bila manukato. Beba cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi; unakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada yake ni shilingi 1,050, na alama za vidole zinahitaji muda, kwa hiyo usingoje uitwe ndipo uanze.

Nikivaa hijabu? Nikiwa na piko mikononi?

Hijabu haijawahi kunizuia. Ifunge nyuma isimwangukie mgeni. Hina haina neno. Piko nyeusi ya rangi ya nywele iepuke, kwanza kwa ajili ya ngozi yako mwenyewe, kwa sababu dawa iliyomo huweza kuchoma na kutoa malengelenge. Hakuna anayetaka kukandwa na mkono wenye vidonda.

Wanaume wanaajiriwa?

Wanaajiriwa, wachache. Wageni wengi, wanawake kwa wanaume, huuliza kwanza kama kuna mkandaji wa kike. Mwanamume atapata zaidi jimu, kwa timu za mpira, na kwa wageni wanaotaka kukandwa kwa nguvu. Nyumba za Waislamu hawezi kumkanda mwanamke, lakini kuna wazee wengi wenye viharusi na mgongo ambao watoto wao wanatafuta mwanamume wa kuwakanda na hawampati. Hapo pana nafasi. Kwa mgonjwa wa kiharusi lakini fanya kwa maelekezo ya daktari wake, usijitungie.

Mikono inadumu miaka mingapi?

Inategemea unatumia nini kusukuma. Niliojifunza nao tulikuwa tisa. Wanne waliacha kwa sababu ya kidole gumba na kifundo cha mkono. Kidole gumba ni kiungo kidogo, na sisi tunakifanya nyundo.

Kitanda kiwe cha kimo chako: simama wima kando yake, mikono ikining'inia, na ngumi yako iguse godoro. Kikiwa juu zaidi utasukuma kwa mabega, kikiwa chini utavunjika kiuno. Halafu usisukume, egemea. Uzito wa mwili ushuke kupitia kiganja, kiwiko au mkono wa mbele. Mgeni akisema "zaidi", songeza mguu wako wa nyuma, usikaze kidole.

Mwisho wangu ni masaji tano za saa moja kwa siku, na kati yake angalau robo saa. Meneja mmoja aliwahi kunipangia nane siku ya Mwaka Mpya. Nilizifanya, na wiki mbili baadaye sikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Jeraha la namna hiyo limo katika haki za mfanyakazi aliyeumia kazini, lakini niliandika ripoti nikiwa nimechelewa na hakuna aliyekuwa na la kuandika isipokuwa "anasema mkono unauma". Ripoti siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Kuna mgeni ambaye sipaswi kumkanda?

Yupo, na kwetu hapa anakuja kwa ndege. Ametoka Ulaya, amekaa kitini saa nane au tisa, na siku ya pili anakwambia shavu la mguu mmoja linauma na limevimba, ukiligusa lina joto. Anataka umkande hapo hapo. Usimguse. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ukiikanda inaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Mwombe aende zahanati ya hoteli, nawe uwaarifu mapokezi. Atanuna, na pesa ya saa hiyo imekwenda.

Aliyeungua na jua naye asubiri. Mwenye homa vilevile. Mjamzito, fanya tu kama umefundishwa, naye awe amelala ubavu.

Mteja akitaka "ziada"?

Atataka. Ukikaa mwaka mmoja bila kuulizwa, umefanya kazi na watawa. Dawa ni haraka na sauti ya kawaida: ondoa mikono, mfunike, mwambie masaji imekwisha, toka, waambie mapokezi. Usicheke kwa haya, maana cheko lako atalisoma anavyotaka.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taratibu za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Siku ya kwanza kazini omba kuziona. Jibu utakalopata litakueleza mengi. Mahali ambapo meneja anasema "mgeni ni mfalme, mbembeleze," ondoka kabla ya mwisho wa mwezi.

Na kuna nyumba ambazo masaji ni kibao tu mlangoni. Utazijua kwenye usaili: hakuna masaji ya majaribio, wanataka picha zako za mwili mzima, wanataka kukaa na kitambulisho chako. Kitambulisho hakiachwi kwa mtu.

Nikiitwa nyumbani kwa mtu?

Mteja mpya wa kiume sifiki bila kupendekezwa na mtu ninayemjua. Kwenye majumba ya kukodisha najiandikisha kwa askari wa geti, namwachia na saa ya kutoka, na dereva wangu wa tuktuk anasubiri au anarudi dakika ile tuliyokubaliana. Nusu ya malipo inakuja kwa M-Pesa kabla sijaondoka nyumbani. Anayebishia nusu hiyo atabishia mengine pia.

Wananiita kibarua miaka miwili sasa. Ni sawa?

Si sawa. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, sheria haikutazami tena kama kibarua wa siku. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa. Majaribio hayapiti miezi sita bila wewe kukubali yaongezwe. Una siku moja ya mapumziko katika kila saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Waliomo hotelini waulizie KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli. Afisi ya leba nayo ipo, na malalamiko hayalipiwi. Peleka rosta ulizopiga picha. Rosta ndiyo shahidi wako.

Vipi Uarabuni au kwenye meli za watalii?

Watu wamekwenda na wamejenga. Wengine wamerudi na begi la mkononi. Wakala lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko kwenye tovuti yao. Angalia jina herufi kwa herufi. Mkataba uandikwe "masaji" au "spa". Ukiandikwa "kazi za nyumbani, utabadilishiwa ukifika", hutabadilishiwa. Mwachie ndugu yako nakala ya pasipoti na ya mkataba.

Ufukweni je?

Kule Pirates na Bamburi kuna vikundi vya mama wa masaji, na banda halishikwi tu kwa kufika. Jiunge na kikundi, ulizia kibali. Bei ni ya mabishano na upepo unatia mchanga kwenye mafuta. Faida yake ni kwamba pesa ni yako siku hiyo hiyo. Nina rafiki aliyekataa hoteli mara mbili ili abaki kwenye banda lake, na mtoto wake yuko mwaka wa tatu chuo kikuu.

Kitanda cha kukunja kinaingia kwenye matatu?

Kinaingia, lakini utalipishwa kiti cha pili, na kondakta atakiita jeneza. Kwenye tuktuk kinasimama wima mlangoni ukikishika kwa goti. Kwenye feri ya Likoni unavuka bure kwa miguu, ila saa kumi na moja jioni usijaribu; ngoja umati upungue, ama utamwangusha mtu na kitanda chako na kumkanda papo hapo bila malipo.